Koloni, Himaya na Makazi



Hapa Kashojwa, katika Nakivale, nimewasikia wanafunzi wakitupiwa neno "walowezi" kwa sababu wazazi wao ni wakimbizi. Neno hili lauma, nami naona yafaa tulipime kabla ya kulitupa.

Tuanze na koloni. Asili yake ni Kilatini, *colonia*, litokanalo na *colonus*, yaani mkulima. Warumi walipoiteka nchi walipeleka humo watu wao wailime na kuishika. Mji wa Köln, Ujerumani, ulipata jina lake hivyo. Basi tangu mwanzo koloni lilikuwa na mambo mawili: jembe na dola.

Kulowea ni Kiswahili chetu. Maana yake ni kukaa ugenini hata mtu akawa mwenyeji. Neno lenyewe halina ubaya. Lilipata uchungu huko Kenya, iliyofanywa koloni mwaka 1920. Huko walowezi wa Kizungu walipewa ardhi ya nyanda za juu, na Waafrika wakazuiwa kuimiliki. Uganda yetu haikuitwa koloni. Tangu 1894 hadi 1962 ilikuwa himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi. Lakini mlinzi ndiye aliyetawala!

Na Nakivale je? Ilitangazwa rasmi mwaka 1960, zamani hizo za himaya, kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Wengi wetu twaiita kambi. Lakini kambi hupigwa na askari au wasafiri, nao huivunja waondokapo. Mkimbizi wa hapa hupewa kiwanja ajenge na kulima, ndiyo sababu serikali huiita makazi, kutokana na kukaa. Hata hivyo kiwanja hicho hawezi kukiuza, ijapokuwa amekilima miaka mingi. Wala hana amri juu ya jirani yake. Analo jembe, dola hana.

Kwa hiyo, mtoto aliyezaliwa hapa twaweza kusema amelowea, na si tusi. Kumwita mlowezi kwa maana ile ya Kenya ni kumpa mamlaka asiyokuwa nayo, na lawama isiyomhusu. Nanyi wanafunzi wa zamani mlioko Mbarara, mkilisikia neno hili sokoni, lielezeni kwa upole.