Laptopu ya Ofisi Baada ya Kuacha Kazi: Amana, Siri na Mirathi

Kila sifa njema ni ya Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake wote. Amma baad.

Zamani mfanyakazi aliyeacha kazi alirudisha funguo na daftari, akaaga, akenda zake. Leo mtu akiajiriwa hotelini, benki, skuli au katika jumuiya hupewa laptopu, simu na laini. Vitu hivyo huingia nyumbani. Watoto husomea, mama hutunzia picha za familia. Ikija siku ya kuondoka, kwa kujiuzulu, kufukuzwa, mkataba kumalizika au mauti, haijulikani tena kipi ni cha ofisi na kipi ni cha nyumbani. Makala haya yanaeleza yanayomlazimu mfanyakazi, mwajiri na familia.

Hukumu ya asili: ni amana

Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Allah (S.W.) ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Na Mtume (S.A.W.) alipohama Makka alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) azirudishe amana za watu alizokuwa amewekewa, ilhali katika watu wa mji huo walikuwamo waliokula njama ya kumuua. Basi asiseme mtu, "Bosi wangu dhalimu," au, "Kampuni yenyewe si ya Waislamu." Amana haiangalii dini ya mwenye mali wala tabia yake.

Wala mtu asidharau kitu kidogo. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Adiyy bin Amira (R.A.), onyo kwamba aliyepewa kazi kisha akaficha sindano au zaidi ya hapo, amefanya khiyana atakayokuja nayo Siku ya Kiyama. Ikiwa ni hivyo kwa sindano, chaja, begi, kipanya na flashi vimo pia.

Kikiharibika, nani hulipa?

Mafakihi wanasema mkono wa aliyeaminiwa ni mkono wa amana: halipi kilichoharibika mikononi mwake ila akivuka mipaka au akizembea. Betri iliyochoka na vitufe vilivyofutika herufi ni matumizi ya kawaida, mfanyakazi hadaiwi. Lakini aliyeiacha laptopu kwenye kiti cha daladala, au aliyempa mtoto achezee akaiangusha, huyo amezembea. Na aliyetakiwa arudishe akakataa bila ya udhuru, dhamana imemwangukia: hata ikiibiwa bila ya uzembe wake, atalipa.

Kilichorudi kimefungwa hakijarudi

Simu nyingi za leo zimefungamana na akaunti ya mtumiaji. iPhone iliyobaki na akaunti ya Apple ya mtu binafsi, au simu ya Android yenye akaunti yake ya Google, hata ikirejeshwa kama ilivyotoka kiwandani huweza kudai neno la siri la mwenye akaunti ile. Ofisi itabaki na kipande cha kioo. Kwa hiyo, kabla ya kukabidhi, ondoa akaunti zako mwenyewe kwenye mpangilio wa simu. Usimpe mtu neno lako la siri la binafsi. Toka kwenye akaunti, inatosha. Ama akaunti za ofisi, mkabidhi anayehusika.

Hapa pana kosa linalotendwa kwa hasira: mtu kufuta kila kitu usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Picha zako ni zako, zihamishe na uzifute. Lakini hesabu za wateja, barua na kazi uliyolipwa mshahara kuifanya ni mali ya ofisi. Kuifuta ni uharibifu, na kuichukua nakala kwenda nayo kwa mwajiri mpya ni khiyana.

Sitara za watu

Mwajiri naye ana lake. Aliyepokea kifaa hana ruhusa ya kupekua picha za mke wa mtu wala mazungumzo yake. Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Tanzania pia inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kabla ya kifaa kupewa mfanyakazi mwengine, au kuuzwa, kifutwe kikamilifu. Kutupa faili kwenye pipa la kompyuta na kulimwaga hakufuti: mara nyingi kompyuta husahau tu pale faili lilipo, na maandishi yenyewe hubaki hadi yaandikwe mengine juu yake. Fundi mwenye programu ya kurejesha faili huweza kuyatoa. Diski za zamani zenye sahani inayozunguka huandikwa upya mwanzo hadi mwisho. Diski za kisasa za SSD hufutwa kwa amri maalumu ya mtengenezaji. Iliyokufa kabisa ivunjwe. Picha ya mama wa watu bila ya hijabu kuonekana dukani na mnunuzi wa laptopu ya mtumba ni dhara iliyoweza kuzuiwa kwa kazi ya saa chache.

"Sijalipwa mshahara, naizuia laptopu"

Swali hili ni zito, kwani kumnyima mfanyakazi ujira wake ni dhulma. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, anayemtumikisha mtu kisha asimlipe ni katika watatu ambao Allah Mwenyewe ni khasimu wao Siku ya Kiyama. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya aliyedhulumiwa kuchukua haki yake katika mali ya aliyemdhulumu: wapo waliokataza, na wapo, wakiwamo wanazuoni wa Kishafii, walioruhusu kwa masharti. Ushauri wetu ni kuwa mtu asijifanye hakimu katika shauri lake mwenyewe. Rudisha kifaa kwa maandishi, eleza deni lako katika karatasi hiyohiyo, kisha lipeleke dai Kamisheni ya Kazi. Aliyerudisha amana husimama mbele ya msuluhishi akiwa na mikono mitupu na hoja kamili.

Mfanyakazi akifariki

Kinachorithiwa ni kile marehemu alichokimiliki. Laptopu na simu ya ofisi si tarika yake, hata kama amekaa nazo miaka kumi; zisiorodheshwe katika mirathi wala asipewe mtoto "kumbukumbu ya baba". Mjane aliyemo edani hana haja ya kutoka. Kaka au shemeji azirudishe na kuleta risiti. Ofisi nayo iwe na huruma: iwape warithi picha na nyaraka za marehemu kabla ya kufuta. Kilicho bora zaidi ni mtu kuandika katika wasia wake, angali hai, vitu vya watu vilivyomo nyumbani kwake.

Kutumia tena badala ya kutupa

Kompyuta iliyorudi si takataka. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 umekwisha, na ofisi nyingi zina mashine zisizokubali toleo jipya. Nyingi kati yake zikiwekwa Linux, ambayo ni bure, zinafaa kuandikia na kusomea katika madrasa au skuli. Lakini fundi wa ofisi hana haki ya kuzitoa sadaka. Mali si yake. Idhini itoke kwa wenye mali, tena kwa maandishi, ijulikane kuwa ni hiba na si azima.

Iliyokufa isitupwe jaani. Ndani mna risasi na madini mengine yenye sumu, na visiwa vyetu vinategemea sana maji ya chini ya ardhi. Betri iliyovimba isitobolewe wala isichomwe, kwani huweza kulipuka.

Kwa ufupi, siku ya makabidhiano iwepo karatasi: orodha ya vitu, hali yake, tarehe, saini mbili na nakala kwa kila mmoja. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika madeni ili shaka iondoke. Amana nayo inastahiki uangalifu huo.

Allah atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana zetu, wakubwa kwa wadogo. Wallahu a'alam.