Mwana Yuko Baharini, Mama Yuko Ogembo: Habari Humfikiaje?

Mwezi uliopita nilipanda gari la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na kutoka Nairobi nikashika njia ya Kisii, hata nikafika Ogembo alasiri ya siku ya pili. Ogembo ni mji wa milimani, kando ya mto Gucha, penye mashamba ya chai na migomba inayopanda hadi vileleni. Bahari iko mbali mno na hapo. Hata hivyo jambo lililonipeleka lilianzia baharini. Nilikwenda kuhani.

Kijana wa nyumba ile aliishi kwetu Majengo kama mpangaji kwa muda wa mwaka na nusu, alipokuwa akijifunza kazi ya meli. Alikuja hajaonja maji ya chumvi, akaondoka akijua kula mbaazi kwa mahamri na akiniita mama. Alipopata kazi jikoni katika meli ya watalii, nyumba mbili zilifurahi: yetu Mombasa na ya wazazi wake Ogembo.

Baba yake aliugua ghafla siku ya Jumatatu, meli ikiwa katikati ya bahari ya Atlantiki, ikivuka kutoka Ulaya kwenda Karibi. Kaka yake alimtumia ujumbe. Ukaonyesha alama moja tu, maana yake umetoka lakini haujafika. Akapiga simu, akajibiwa na sauti ile tunayoijua sote, kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Siku ya Jumatano mzee akafariki. Jamaa walijua jina la kampuni, lakini hakuna aliyejua jina la meli. Wakala aliyempatia kazi hakupokea simu. Wakangoja, gharama za chumba cha maiti zikapanda, na siku ya Jumanne iliyofuata wakazika.

Kesho yake meli ilitia nanga. Kijana akawasha simu yake bandarini, na ujumbe 63 ukaingia kwa mkupuo. Alisoma habari za ugonjwa wa baba yake, kifo chake na maziko yake, kwa mfuatano, akiwa amesimama kwenye foleni ya kununua laini ya simu.

Ndugu msomaji, kisa hiki si cha Ogembo peke yake. Tangu mwaka 2010, Kenya ilipoingizwa na Shirika la Kimataifa la Bahari katika orodha ya nchi ambazo vyeti vya mabaharia wake hutambuliwa, na hasa tangu kuanzishwa kwa chuo cha Bandari Maritime Academy hapa Mombasa mwaka 2018, kazi ya meli si urithi wa watu wa pwani tu. Vijana wa Kisii, Nyamira, Kakamega na Meru nao wamo. Sisi wa pwani tuna mazoea ya kungoja. Mababu zetu waliomsindikiza nahodha akienda Arabuni na upepo wa kusi hawakutarajia salamu zake mpaka kaskazi irudi. Watu wa bara hawana mazoea hayo. Wao wamezoea mtoto aliye Nairobi, ambaye simu ikilia mara mbili huipokea. Simu hiyo ikinyamaza siku tano, nyumba haina ijualo ila hofu.

Kwa sababu hiyo yafaa tueleze namna intaneti inavyofika melini, kisha tuseme ni lipi familia iwezalo kulifanya.

Minara inapoishia

Simu ya mkononi hutegemea mnara ulio nchi kavu. Dunia ni mviringo, na chombo kikishuka nyuma ya upeo wa macho, mawimbi ya mnara hupita juu yake. Aidha, mitambo ya kawaida ya simu iliwekewa kikomo cha kilomita 35 hivi kutoka kwenye mnara. Meli ikitoka Kilindini kwa mwendo wake wa kawaida, simu za mabaharia huweza kushika mnara kwa saa moja au zaidi kidogo. Baada ya hapo huwa hazishiki.

Hapa pana hatari moja ambayo imewagharimu wengi mshahara. Meli nyingi za watalii huwa na mnara wake mdogo ndani, uliounganishwa na setilaiti. Simu iliyoachwa wazi hujishikiza kwenye mnara huo yenyewe, na malipo yake huwa makubwa kuliko ya nchi kavu kwa mbali sana. Baharia mwenye busara huiweka simu yake katika hali ya ndege kabla meli haijaondoka gatini, kisha hufungua waifai ya meli peke yake.

Setilaiti za mbali na za karibu

Waifai hiyo nayo haitoki ndani ya meli. Kwa miaka mingi imetegemea setilaiti zilizo juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786. Kwa kuwa setilaiti hizo huzunguka pamoja na dunia, huonekana kana kwamba zimesimama mahali pamoja. Umbali huo una athari zake. Neno hupanda na kushuka, na jibu lake hupanda na kushuka vivyo hivyo, hata nusu sekunde ikapita kabla ya kusikika. Tena njia hiyo moja hugawanywa kwa maelfu ya abiria na wahudumu, kila mmoja akitaka kuonyesha picha zake. Ndiyo sababu wahudumu wengi wamekuwa wakinunua intaneti kwa vifurushi vidogo vya bei kubwa. Kijana wetu alikuwa amemaliza kifurushi chake siku ya pili ya safari, akaamua kungoja bandari ili aokoe fedha za kumtumia baba yake.

Miaka ya karibuni mambo yameanza kubadilika. Setilaiti za Starlink huzunguka umbali wa kilomita 550 hivi tu, na kwa hiyo jibu hurudi upesi. Huduma yake ya vyombo vya baharini ilianza mwaka 2022, na mwaka huohuo kampuni ya Royal Caribbean ikatangaza kuiweka katika meli zake. Hapa Kenya Starlink ilianza kazi Julai 2023. Leo mtu akiweka dishi juu ya paa la bati Ogembo, na meli ikiwa na dishi lake katikati ya Atlantiki, wote wawili huhudumiwa na kundi moja la setilaiti. Mlima na bahari vimekaribiana kwa namna ambayo wazee wetu wasingeiwaza.

Jambo jingine familia yapaswa kulijua, nalo litapunguza hofu. Intaneti ya mabaharia na mawasiliano ya usalama wa meli ni vitu viwili mbalimbali. Inmarsat iliundwa mwaka 1979 kwa ajili ya usalama wa wasafiri wa baharini, na tangu tarehe 1 Februari 1999 meli za abiria zinazosafiri kimataifa hulazimika kuwa na mitambo kamili ya kuomba msaada na kupokea maonyo. Simu ya mwanao ikizima, haina maana kwamba meli imepotea. Huenda kifurushi kimekwisha, au yuko zamu.

Haki iliyoandikwa

Je, intaneti melini ni hisani ya kampuni? Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, ulifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Marekebisho hayo yalianza kutumika tarehe 23 Desemba 2024. Yanawataka wenye meli wawapatie mabaharia intaneti ndani ya meli, kadiri inavyowezekana, na ikiwa kuna malipo basi yawe ya kiasi. Meli nyingi za watalii hupeperusha bendera za Bahama, Panama au Malta, nchi ambazo nazo zimo katika mkataba huo.

Maneno "kadiri inavyowezekana" na "ya kiasi" yana nafasi kubwa ndani yake, na kila kampuni huyapima kwa mizani yake. Lakini kijana anayetia saini mkataba leo ana haki ya kuuliza: intaneti ya wahudumu ni bei gani, kwa siku au kwa mwezi? Je, ujumbe wa maandishi ni bure? Na habari ya msiba nyumbani humfikia mhudumu kwa njia gani? Maswali haya yaulizwe ofisini kabla ya saini, maana ndani ya meli ni vigumu kujadiliana.

Anwani ndiyo iliyokosekana

Nilipokaa na wale jamaa, nikiwasikiliza wakihesabu siku zile, jambo moja lilinichoma. Meli haikuwa gizani. Nahodha alikuwa na simu ya setilaiti usiku na mchana, na ofisi ya kampuni iliweza kumwandikia saa yoyote. Lau kaka mtu angekuwa na jina la meli na namba ya kazi ya ndugu yake, simu moja kwa ofisi inayosimamia wahudumu ingetosha, na habari ingefika siku ileile ya Jumatatu. Pengine asingefika nyumbani kuzika, kwa kuwa meli haigeuzwi katikati ya bahari. Lakini angezungumza na baba yake aliye hai siku mbili nzima. Kilichokosekana hasa kilikuwa karatasi.

Basi, kwa kila nyumba yenye mtoto anayejiandaa kwenda melini, na zimo nyingi katika mitaa yetu pia, tunashauri haya.

Kwanza, iandikwe karatasi na ibandikwe ukutani, isikae ndani ya simu ya mtu mmoja. Iwe na jina la meli na namba yake ya IMO, ambayo ni ya tarakimu 7 na haibadiliki hata meli ikibadili jina au mwenyewe. Kwa namba hiyo mtu aweza pia kuitafuta meli katika ramani za mtandaoni na kujua imefika wapi. Iwe pia na jina la kampuni, simu ya ofisi ya wahudumu, simu ya wakala, idara anayofanyia kazi na namba yake ya kazi. Akihamishwa meli, karatasi ibadilishwe. Karatasi hiyo itawalinda vilevile na matapeli wanaopiga simu wakisema mwanenu amepatwa na shida melini, tumeni fedha: mtaipigia ofisi wenyewe na kuuliza.

Pili, wapatane siku na saa. Majira ya baridi, ikiwa Ogembo ni saa kumi na moja alfajiri, Miami ni saa tatu ya usiku uliotangulia. Mama anapoamka kukamua ng'ombe, mwana anatoka zamu. Wakiijua saa hiyo, hawatatafutana ovyo.

Tatu, wapatane kimya ni siku ngapi. Mwana aseme waziwazi: safari hii ina siku saba bila bandari, msinitafute mpaka siku ya nane. Siku ya nane ikipita, aliyeteuliwa apige simu ofisini.

Nne, ujumbe uwe mwepesi na kamili. Maandishi huchukua kilobaiti chache, sauti ya dakika moja huchukua mamia, na picha za video humaliza kifurushi kizima. Wala usimwandikie aliye baharini "nipigie haraka". Huenda ana dakika tano tu za mtandao kwa siku nzima. Andika habari yenyewe: nani, nini, lini, na mnamtaka afanye nini.

Tano, na hili ni zito kuliko yote, wapatane juu ya habari mbaya. Wazee wetu wa pwani wengi waliona ni heri kumficha baharia msiba mpaka arudi, ili asivunjike moyo akiwa peke yake kazini. Walikuwa na sababu, na siwalaumu. Lakini nilimwuliza kijana yule kwa simu, naye akanijibu: "Mama, hata kama nisingefika, ningejua siku ya kulia." Wako wengine ambao wangechagua kutoambiwa. Kila mmoja aulizwe mwenyewe, kabla hajaondoka, na jibu lake liheshimiwe.

Asubuhi ya kuondoka kwangu Ogembo, tuliamka kabla ya jua. Kaka mtu alikuwa ameandika karatasi kwa mkono na kuibandika kando ya kalenda, herufi kubwa kubwa ili mama yake azione bila miwani. Saa kumi na moja simu ikalia. Ukungu ulikuwa bado umetanda juu ya migomba, na sauti ya kijana ikaja safi kana kwamba yuko mjini Kisii. Mama yake aliishika simu kwa mikono miwili. Nilidhani ataanza na habari za marehemu, au za fedha. Alimwuliza kwanza, yeye mpishi wa meli ya maelfu ya watu, kama amekula.