Skana ya pande mbili: Je, njia ya kupitisha karatasi inaweza kupewa hataza?

Unaweka rundo la karatasi juu ya mashine, unabonyeza kitufe, na baada ya muda mfupi kurasa zote zimeingia kwenye kompyuta, mbele na nyuma. Hakuna aliyezigeuza kwa mkono.

Kazi hiyo hufanywa na sehemu ambayo watu wengi hawaioni mpaka karatasi ikwame: rola za mpira, mota, sensa na njia nyembamba yenye kona ambamo karatasi hupita. Mhandisi akiiboresha njia hiyo, je, amevumbua kitu, au amepanga upya vitu ambavyo tayari vilikuwepo?

Jibu lina uzito wa fedha. Hataza, ambayo wengine huiita patenti, humpa mwenyewe haki ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake, kwa kawaida hadi miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi. Maombi yenyewe huchapishwa hadharani baada ya miezi 18. Kwa hiyo anayenyimwa hataza baada ya hapo anakuwa ameshawaonyesha washindani wake mchoro mzima, na hana cha kuwazuia nacho.

Karatasi inageukaje?

Rola ya kwanza huivuta karatasi ya juu. Rola nyingine, au kipande cha mpira, huikinza ile ya chini isifuate. Kisha karatasi husukumwa mbele ya kioo, na sensa ya picha huisoma mstari kwa mstari.

Kusoma pande mbili kuna njia kuu mbili. Njia ya kwanza hutumia sensa mbili, moja kila upande, na karatasi hupita mara moja tu. Ni ya haraka, lakini sensa ya pili huongeza gharama.

Njia ya pili hutumia sensa moja. Karatasi husomwa upande mmoja, hurudishwa kinyumenyume kupitia njia ya mzunguko, hugeuka, kisha husomwa upande wa pili. Mashine nyingi za aina hii huipitisha karatasi mara ya tatu bila kusoma chochote, ili tu kurasa zitoke kwa mpangilio wake.

Hapo ndipo matatizo huanza. Ili mashine iwe ndogo, njia ya mzunguko hufanywa fupi. Ikiwa fupi kuliko karatasi yenyewe, kichwa cha karatasi kinarudi kwenye rola wakati mkia bado haujatoka. Ncha mbili za karatasi moja zinakutana mahali pamoja, kila moja ikielekea upande wake. Baadhi ya mashine hutatua hilo kwa kuzitenganisha rola kwa muda, kwa kutumia sumaku ya umeme. Hicho ni kifaa kingine cha kununua, na kingine cha kuharibika.

Mitihani mitatu

Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uliotiwa saini Munich, Ujerumani, mwaka 1973, unataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na uweze kutumika viwandani. Mtihani wa mwisho skana huupita bila shida. Miwili ya kwanza ndiyo huangusha wengi.

Upya hupimwa kwa ukali. Kitu chochote kilichowekwa hadharani popote duniani kabla ya siku ya maombi, kwa lugha yoyote, kinahesabika. Hata kipeperushi cha mvumbuzi mwenyewe kinaweza kumponza. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipojitangaza mwenyewe. Ulaya haina msamaha wa jumla wa namna hiyo.

Lakini ili mashine ikose upya, waraka mmoja lazima uonyeshe vipengele vyake vyote kwa pamoja. Kipengele kimoja kikitofautiana, mtihani huo umepitwa. Vita huhamia kwenye hatua ya uvumbuzi.

Mfano wa rola tatu

Chukua mfano wa kufikirika. Mwombaji ameondoa ile sumaku na kupanga rola tatu, moja juu ya nyingine, huku ya katikati pekee ikizungushwa na mota. Rola inapozunguka, uso wake wa juu huenda upande mmoja na wa chini huenda upande wa pili. Hivyo mkia wa karatasi unatolewa kwa juu wakati kichwa kinaingizwa kwa chini. Mota ni moja, mwelekeo ni mmoja, na hakuna cha kutenganisha.

Mkaguzi wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya huenda hatua kwa hatua. Kwanza hutafuta mashine ya zamani iliyo karibu zaidi na hii, tuseme skana yenye sumaku. Pili, huuliza tofauti ni ipi na inaleta faida gani: rola tatu, vifaa vichache. Tatu, huuliza kama fundi mwenye ujuzi wa kawaida, akitaka kupunguza vifaa, angefikia jibu hilo.

Hapa neno moja hubeba kesi. Swali si kama fundi huyo angeweza kupanga rola tatu. Angeweza mengi. Swali ni kama angefanya hivyo, kwa kuwa kuna kitu kilichomwelekeza huko.

Mkaguzi akipata printa ya zamani yenye rola tatu kwa kazi ileile, mwombaji yuko pabaya. Printa na mashine za kutoa kopi ni majirani wa skana, na fundi wa skana hutarajiwa kuzifahamu. Lakini kama printa ile ilitumia rola hizo kwa shida nyingine kabisa, au kama wataalamu waliziepuka kwa kuamini zitakunja karatasi, mwombaji ana la kusema.

Marekani nayo ina kipimo chake. Mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba kuweka sensa ya kielektroniki kwenye pedali ya gari inayorekebishika lilikuwa jambo la wazi kwa fundi wa fani hiyo. Kuunganisha vitu vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ya kawaida, mara nyingi hakutoshi.

Upande wa pili, wakaguzi nao huonywa wasidanganywe na macho ya baadaye. Ukishaambiwa jibu, kila kitendawili ni rahisi.

Maneno ya maombi

Kinacholindwa ni kile kilichoandikwa kwenye madai ya hataza. Anayedai "skana yoyote inayogeuza karatasi" amedai mno na ataanguka. Anayetaja mpaka kipenyo cha kila rola atapata hataza, lakini mshindani atabadilisha kipenyo na kupita pembeni.

Na kosa hapo halirekebishiki kirahisi. Ulaya hairuhusu kuongeza jambo ambalo halikuwemo kwenye maombi ya awali. Hata hataza ikishatolewa, mtu yeyote ana miezi 9 ya kuweka pingamizi katika ofisi hiyo.

Vipi Afrika Mashariki?

Sheria za Kenya na Tanzania nazo zina mitihani hiyo mitatu. Maombi hupelekwa KIPI jijini Nairobi au BRELA Tanzania, au kwa ARIPO yenye makao yake Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi wanachama kadhaa.

Hataza haivuki mpaka yenyewe. Iliyotolewa Ulaya pekee haimzuii fundi wa Nairobi kutengeneza rola zilezile na kuziuza Kenya. Lakini akitaka kudai ni uvumbuzi wake, atakwama: mchoro uliochapishwa Ulaya umeshaufanya usiwe mpya.

Na kwa mwenye wazo lake mwenyewe, utaratibu ulio salama ni kuwasilisha maombi kwanza, ndipo maonyesho, video na wateja wafuate.