Ushauri wa Wataalamu Husikizwa Lini?

Husemwa mara kwa mara kwamba kazi ya taasisi za utafiti za umma ni kuishauri serikali, na kazi ya serikali ni kutenda. Maneno hayo yamekaa vizuri vitabuni. Lakini mimi naona hayatuelezi jambo kubwa zaidi: ni ushauri upi unaosikizwa upesi, na upi unaoachwa kabatini ukila vumbi?

Chukua Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979. Mnamo 1990 taasisi hiyo ilitangaza kwamba dawa iliyoitwa Kemron ilikuwa ikiwapa nafuu kubwa wagonjwa wa Ukimwi. Mwaka uo huo Rais Daniel arap Moi akaizindua hadharani. Taifa lilishangilia, na nani angelilaumu? Ugonjwa ulikuwa ukiua na tiba haikuwapo. Ila majaribio yaliyofanywa baadaye kwa utaratibu mkali zaidi hayakuona faida yake.

Sasa tazama habari ya vyandarua. Kati ya 1993 na 1995, watafiti wa taasisi iyo hiyo, pamoja na wenzao wa shirika la Wellcome la Uingereza, walifanya jaribio huko Kilifi. Sehemu zingine zilipewa vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, zingine zikangoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: palipokuwa na vyandarua, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33. Theluthi nzima! Ushauri gani ungekuwa wazi kuliko huo?

Walakini vyandarua vikaendelea kuuzwa. Kufikia mwisho wa 2004 mama mjamzito aliweza kukipata chake kliniki kwa shilingi 50, bei ambayo mkubwa wa ofisini haihesabu kuwa kitu, ilhali kwa mama wa kijijini ni unga wa siku. Ndipo mwaka 2006 serikali ikagawa bure vyandarua zaidi ya milioni 3. Watafiti walipopima katika wilaya nne, walikuta kwamba watoto waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 7 mwaka 2004 hadi asilimia 67 mwishoni mwa 2006, na pengo baina ya fukara na tajiri lilikuwa karibu limetoweka. Mtoto aliyezaliwa Kilifi matokeo ya kwanza yakichapishwa alikuwa keshafika darasa la nne.

Haki isemwe: fedha zilikuwa haba, na wafadhili wengi wa siku hizo waliamini kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Hata hivyo, sioni kwamba fedha pekee zinatosha kuieleza tofauti hii. Kemron ilimpa mtawala sifa. Chandarua kilimdai pesa. Na taasisi ambayo wakuu wake huteuliwa na serikali haiwi nyepesi kupiga kelele ushauri wake unapopuuzwa.

Pendekezo langu ni dogo. Ushauri wowote wa taasisi ya umma uchapishwe ukiwa na tarehe, na wizara husika ijibu kwa maandishi: imekubali, imekataa, au fedha hakuna. Walimu wa sekondari nao wangeweza kuwapa wanafunzi habari hizi mbili kwa pamoja, wakawaacha wabishane miaka ile 10 ilikwenda wapi.