Ngoma Iliyotungwa na Wagonjwa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Adabu yetu hutaka hata mtu aliyelala na homa, akiulizwa hali, ajibu, "Sijambo." Basi wenziwe huijua homa yake kwa jinsi anavyojikunyata ndani ya blanketi. Huko Marekani yuko mtungaji wa ngoma, Bwana Bill T. Jones, aliyezaliwa mwaka 1952, ambaye alitunga ngoma nzima kwa mambo ya namna hii. Jina lake ni Still/Here, nayo ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1994 mjini Lyon, Ufaransa.

Bwana Jones aliijua habari hiyo kwa karibu. Mwenziwe, Arnie Zane, aliyeanzisha naye kundi lao la ngoma, alifariki mwaka 1988 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, na yeye mwenyewe alikuwa ameambukizwa virusi. Mchanganyiko wa dawa unaovizuia vizuri ulikuwa haujapatikana. Ulikuja mwaka 1996.

Hakutaka kubuni tu mwendo wa mgonjwa. Alizunguka miji kadhaa ya Marekani akikutana na watu wenye maradhi ya kuua, kama saratani na UKIMWI, wengi wao wasio wachezaji. Aliwaomba wachore maisha yao kwa mstari mmoja, kisha waonyeshe kwa ishara ya mwili jinsi wanavyojiona. Aliwaomba hata waeleze saa yao ya mwisho wanavyoiwazia! (Mimi nisingethubutu kuuliza, lakini walikuja kwa hiari yao.) Ishara hizo akawapa wachezaji wake. Ishara ya mmoja ilirudiwa, ikaharakishwa, ikapokewa na mwingine, hata hofu ya mtu mmoja ikawa mwendo wa kundi zima. Sura na sauti za wagonjwa wenyewe zilitokea jukwaani kwa njia ya video.

Jina nalo lina maana yake. Neno la kwanza ni "kutulia" na pia ni "bado", la pili ni "hapa." Ukiyaunganisha utasikia mgonjwa akisema, "Bado nipo."

Mwezi wa Desemba mwaka huo mhakiki mashuhuri, Bibi Arlene Croce, aliandika katika gazeti la The New Yorker kwamba hakuitazama ngoma hiyo wala hana mpango wa kuihakiki. Alidai kwamba mtungaji akiwaingiza wagonjwa wa kweli, mtazamaji hufungwa na huruma asiweze kuhukumu. Mabishano makali yakazuka.

Hoja yake si ya kudharauliwa, kwani nani atamwambia mgonjwa kuwa ishara yake ni mbaya? Lakini waliocheza jukwaani walikuwa wachezaji wa kazi, waliofunzwa miaka mingi. Wakijikwaa, wamejikwaa, wakiruka vizuri, wameruka vizuri. Mambo hayo Bibi Croce angeweza kuyahukumu kama ngoma nyingine yoyote, kama angalikwenda.