Fito Mbili za Kujifunzia Kusimama



Huenda umewahi kuona, uwanjani au kwenye televisheni, kijana wa sarakasi akiendesha baiskeli ya gurudumu moja. Haina usukani, wala haina gurudumu la pili la kuegemea. Tunamshangaa na kudhani kwamba amezaliwa na kipaji hicho. Sivyo. Alijifunza kidogo kidogo, na siku za kwanza alihitaji kitu cha kushika. Wengine huanza kwa kushika ukuta, wengine kwa kupita katikati ya vyuma viwili vilivyosimikwa sambamba, wengine huwekwa kati ya marafiki wawili.

Lakini tuangalie jambo moja. Mwanafunzi yule anashika ili baadaye aache. Leo anashika kwa mikono miwili, wiki ijayo kwa mkono mmoja, halafu kwa ncha za vidole tu. Anayening'inia kwenye vyuma kila siku hatajua kuendesha kamwe.

Hapa kwetu Kifungilo hatuna haja ya baiskeli hiyo. Milima yenyewe inatosha kutuyumbisha. Lakini majumbani mwetu tunao watu wanaojifunza kazi ngumu kama ile: mzee aliyepata kiharusi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, bibi aliyekaa kitandani miezi kwa kuvunjika mguu. Kwao, kusimama kwa miguu miwili ni sawa na kukaa juu ya gurudumu moja. Katika ukurasa huu wa afya tutaona jinsi ya kuwatengenezea vifaa vya kushikia kwa miti ya shambani, na jinsi ya kuwapunguzia msaada kwa wakati wake.

NI NINI KINACHOTUSIMAMISHA?

Mwili hutumia walinzi watatu ili usianguke. Wa kwanza ni macho, ambayo huona kama tumenyooka au tumeinama. Wa pili yumo ndani ya sikio; huko kuna vijifereji vyenye majimaji, na kichwa kikigeuka majimaji hayo hutikisika na kuupa ubongo habari. Wa tatu ni nyayo, misuli na viungo, ambavyo hueleza ardhi ikoje na uzito umeegemea wapi. Ubongo hukusanya habari za wote watatu, kisha huamuru misuli ijirekebishe. Hata unaposimama foleni kisimani hutulii kabisa. Unayumba kidogo na kujirudisha, bila kujua.

Mlinzi mmoja akiugua, wengine wawili huongeza kazi. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi nyayoni hutembea vizuri mchana, lakini usiku taa ikizimika hupepesuka. Ubongo wenyewe ukiumia, kama katika kiharusi, habari zinafika lakini amri hazitoki sawasawa. Hata hivyo ubongo unaweza kujifunza upya. Sehemu zilizo nzima huweza kuchukua baadhi ya kazi za sehemu iliyoumia, ikiwa tu zinapewa kazi hiyo kila siku. Miezi ya kwanza ndiyo yenye matunda zaidi, ingawa hata baadaye mazoezi hayapotei bure.

MAPENZI YANAYOMLAZA MGONJWA

Mzee mmoja alipooza upande wa kulia. Tulipomtembelea nyumbani tulimkuta safi, amelishwa, amefunikwa blanketi mbili. Mkaza mwana wake ndiye aliyemhudumia, na alifanya kazi hiyo kwa moyo wote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu kwa shida.

Nikamwuliza yule mama, "Tangu atoke hospitali amesimama mara ngapi?"

"Hajasimama, mama nesi. Akianguka je? Watu watasema tumemtelekeza baba."

Zilikuwa zimepita wiki sita. Misuli ya mguu mzima nayo ilikuwa imeanza kulegea, na kisigino kilikuwa kimeanza kuwa chekundu kwa kulalia upande mmoja. Tulimkalisha ukingoni mwa kitanda, nyayo zikagusa sakafu. Kisha mwanawe akaenda kukata miti. Baada ya miezi miwili mzee alikuwa anatembea kwa fimbo. Kilichompa furaha kuliko vyote ni kwenda chooni bila kushikwa na mke wa mwanawe. Sisi tuliolelewa katika milima hii tunaelewa uzito wa jambo hilo. Kumrudishia mgonjwa miguu yake ni kumrudishia na heshima yake.

Basi tusiogope kuyumba. Kuyumba kidogo, mahali salama, ndilo somo lenyewe. Mtu asiyeruhusiwa kuyumba hawezi kujifunza kujirudisha.

JINSI YA KUTENGENEZA FITO MBILI

Wazo hili si geni. David Werner, yule aliyeandika Mahali Pasipo na Daktari, alitoa mwaka 1987 kitabu kingine kuhusu watoto walemavu wa vijijini, kilichojaa michoro ya vifaa vya miti, kamba na matairi. Mengi yalitokana na kazi ya kijiji cha Ajoya huko Meksiko, ambako walemavu wenyewe ndio waliokuwa mafundi. Kwetu mikaratusi na mianzi ipo, na kazi hii vijana wawili wanaimaliza kwa siku moja.

1. Chagua mahali tambarare karibu na mlango. Kama kiwanja kina mteremko, chimba na kusawazisha kama unavyofanya matuta ya ngazi shambani. Mwaga changarawe laini ili pasiwe na utelezi wakati wa mvua.

2. Kata fito mbili zilizonyooka, kila moja urefu wa mita 3. Unene uwe wa kuzungukwa na kiganja, kama sentimita 4.

3. Kata nguzo sita, tatu kila upande. Kila nguzo ifukiwe sentimita 60 ardhini na kushindiliwa kwa mawe.

4. Kwa kimo, mpime mgonjwa mwenyewe. Akisimama au akinyooshwa kitandani, mkono ukiwa umelala ubavuni, fito ziwe usawa wa kifundo cha mkono. Hapo kiwiko kitakunjika kidogo anaposhika. Zikiwa juu mno atainua mabega. Zikiwa chini mno atainama.

5. Upana uwe wa kumwezesha kupita bila kugusa nyonga, ukibakiza kama sentimita 5 kila upande. Fito zikiwa mbali mno hazitamsaidia.

6. Menya maganda, sugua kwa msasa, kisha funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Baba mwenye mwili mzito azitikise kwanza kwa nguvu zake zote. Zikicheza, zirekebishwe kabla mgonjwa hajazigusa.

Wakati wa mvua na ukungu, meza nzito iliyosukumwa ukutani na kiti imara vinaweza kutumika ndani. Usitumie kiti cha plastiki. Kinateleza na kupinduka.

NGAZI YA KUPANDA POLE POLE

Usianze kabla daktari hajasema kwamba hali ya mgonjwa imetulia na presha imeshuka. Kisha fuata hatua hizi, dakika chache mara tatu au nne kwa siku. Usiruke hatua.

Kwanza, akae ukingoni mwa kitanda bila kuegemea. Ajifunze kuinamia mbele na kurudi, kulia na kushoto.

Pili, ainuke na kusimama kati ya fito. Mwambie azikandamize kuelekea chini, asizivute. Anayevuta anajifunza kuning'inia.

Tatu, akiwa amesimama, ahamishe uzito toka mguu mmoja hadi mwingine. Mguu dhaifu lazima ubebe sehemu yake, maana usipobebeshwa ubongo utausahau.

Nne, apige hatua, akienda na kurudi. Kiti kiwekwe kila mwisho wa fito apate kupumzika.

Tano, punguza kushika. Mkono mmoja, halafu vidole viwili, halafu viganja vielee juu ya fito bila kugusa. Usidharau vidole viwili. Mwaka 1994 watafiti Jeka na Lackner wa Marekani walionyesha kwamba mtu aliyesimama akigusa kitu kwa ncha ya kidole tu, kwa mguso mwepesi usioweza kubeba mwili, huyumba kidogo kuliko asipogusa. Kidole kinaupa ubongo habari tu, kazi ya kusimama hufanywa na mwili wenyewe. Ndiyo maana hatua hii ni mwalimu mzuri.

Msaidizi asimame upande uliopooza, nyuma kidogo. Amfunge mgonjwa kanga iliyokunjwa kiunoni, ashike kanga hiyo. Kamwe usimvute kwa mkono uliopooza. Bega lililolegea huchomoka kwa urahisi, na maumivu yake hudumu muda mrefu. Kanga ishikwe bila kukazwa. Ni ya kumdaka akianguka, si ya kumbeba.

KWA WATOTO

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hufundishwa kwa njia hiyo hiyo, lakini kwa mchezo. Fito zake ziwe fupi kwa kimo chake. Mwekee mpira au hindi la kuchoma mwisho wa njia. Akiweza kusimama peke yake, mtengenezee ubao wa kuyumba: ubao wa sentimita 40 kwa 60, chini yake upigilie vipande viwili vya mti vilivyokatwa nusu duara, visivyozidi sentimita 6 kwenda juu. Asimame hapo katikati ya fito, ayumbe huku na huku. Ndugu zake nao wapande kwa zamu, asijione ametengwa. Anayetembea kwa kushika anaweza kusukuma kigari cha mbao chenye mawe ndani ili kisimkimbie.

Hapa niseme neno juu ya vile vigari vya plastiki ambavyo mtoto mchanga hukalishwa katikati na kuzungukwa na magurudumu. Havimfundishi mtoto kutembea mapema. Vinambeba uzito wote, kwa hiyo haugundui mwili wake, tena vinamfikisha kwenye moto na kwenye ngazi upesi kuliko mama anavyoweza kukimbia. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Mkeka sakafuni na benchi la kushikia vinamtosha mtoto mzima.

KUTEMBEA MLIMANI

Kiwanja tambarare ni darasa, lakini maisha yetu ni mlima. Mgonjwa akizoea, afundishwe njia ya mteremko. Fimbo aishike kwa mkono wenye nguvu. Wakati wa kupanda, mguu wenye nguvu utangulie. Wakati wa kushuka, mguu dhaifu utangulie pamoja na fimbo. Ili usisahau, sema hivi: mzima hupanda kwanza, mgonjwa hushuka kwanza. Msaidizi akae upande wa bondeni siku zote. Chimba ngazi fupi pana njiani, na weka ufito wa kushikia kuelekea chooni, maana huko ndiko wengi huangukia usiku. Viatu vifungwe nyuma, ndala hazifai.

ACHA MAZOEZI NA UMWITE MHUDUMU WA AFYA

Simamisha mazoezi mara moja mgonjwa akipata maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, kichwa kuuma ghafla na kwa nguvu, kizunguzungu kisichoisha, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Na kama mdomo unakwenda upande, mkono unaishiwa nguvu, au maneno hayatoki vizuri, huenda ni kiharusi kipya. Usingoje kuona kama kitapita. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na usimpe chakula wala kinywaji njiani, kwani anaweza kupaliwa.

Aliyewahi kupata kiharusi asiache dawa za presha kwa sababu tu anajisikia vizuri. Pombe nayo huwapumbaza walinzi wetu. Anayefanya mazoezi asiinywe.

Fito hizi haziondoi haja ya mtaalamu. Mtoto ambaye miezi tisa imepita na hawezi kukaa, au anayekakamaa mwili, aonwe hospitalini mapema. Yule anayehitaji mguu wa bandia au chuma cha kushikiza mguu anaweza kuandikiwa barua ya kwenda KCMC Moshi, ambako mafundi wa vifaa hivyo wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 1981, au CCBRT Dar es Salaam. Ila mtaalamu humwona mgonjwa saa moja tu, ninyi mnakaa naye saa zote zinazobaki.

Kwa hiyo, jumuiya zetu zinapowatembelea wagonjwa, pamoja na sukari na sabuni, mara moja zichukue panga na jembe. Wazee wangapi wamelala ndani ya nyumba zetu wakingoja tu fito mbili? Tuwasimikie. Kisha tuwe na uvumilivu wa kusimama kando, mikono ikiwa tayari, tukiwaacha wayumbe kidogo.