Akufaaye kwa Dhiki: Shukrani na Huruma katika Maisha ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Utangulizi

Methali za Kiswahili zina mengi ya kusema kuhusu dhiki. Zipo zinazomliwaza mwenye shida kwamba baada ya dhiki ni faraja na kwamba subira huvuta heri. Ipo pia inayompa kipimo cha kuwapimia wenzake, kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hata hivyo, mara nyingi methali hizi hufundishwa darasani kana kwamba zinaelea hewani, hazina mahali wala watu. Makala haya yananuia kuzirejesha ardhini. Yanaeleza namna shukrani na huruma zinavyotendwa Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu ambazo hadi mwaka 2013 zilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya. Aidha, yanajaribu kujibu swali linalowasumbua wengi: je, kumtaka mtu aliyedhulumiwa ashukuru si kumwongezea dhuluma?

Maana ya shukrani na huruma

Ukizichunguza methali zetu kuhusu shukrani, utaona kwamba zimegawanyika. Upande mmoja zipo zinazomlaumu asiyerudisha wema, kama ile inayosema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Upande wa pili ipo inayomwambia mtoaji asisubiri chochote: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Kwa mtazamo wa haraka, kauli hizi zinapingana. Ya kwanza inamdai aliyepokea, ilhali ya pili inamfutia deni.

Mgongano huu unatatulika pindi tunapokumbuka kwamba wema si lazima urudi ulikotoka. Aliyefadhiliwa anaweza kulipa fadhila kwa mtu wa tatu, ambaye mtendaji wa kwanza hakumjua kabisa. Kwa maana hiyo, shukrani si neno la adabu pekee bali ni tendo linalosafiri. Huruma nayo haiishii kwenye kusikitika. Kitenzi kuhurumia hudai yambwa, yaani mtu anayehurumiwa. Huruma isiyomfikia mtu ni hisia tu.

Mazingira ya dhiki

Eneo linalozungumziwa limepitia mengi. Wakati wa ukoloni liliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na watu wake waliwekewa mipaka ya kuingia na kutoka. Baada ya uhuru kulizuka vita vya Shifta, vilivyodumu kutoka 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huko hadi mwaka 1991. Si ajabu kwamba katika mazungumzo ya wenyeji, msafiri aliyevuka daraja la Mto Tana kuelekea Nairobi alisemekana kuwa "anaenda Kenya". Usemi huo mfupi unabeba historia nzima ya watu waliojiona nje ya nyumba yao wenyewe.

Ukame ni dhiki nyingine. Kati ya mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa kwa wingi. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2023 mafuriko yakafuata. Mfugaji aliyelia kwa kukosa maji akajikuta akiyakimbia maji.

Katika mazingira kama haya, jamii ya Wasomali imejenga desturi za kusaidiana ambazo ni huruma iliyopewa utaratibu. Mojawapo ni qaaraan, yaani mchango unaokusanywa na jamaa na ukoo kwa ajili ya mtu aliyefikwa na janga. Nyingine ni irmaansi, ambapo familia yenye mifugo hukopesha ngamia au ng'ombe anayekamwa kwa familia iliyoishiwa, ili watoto wapate maziwa. Mnyama hubaki mali ya mwenyewe, lakini maziwa ni ya mhitaji. Jambo la kuzingatia ni kwamba aliyepewa leo anatarajiwa kutoa kesho, pengine kwa mwingine kabisa. Hapo ndipo methali zile mbili zinazoonekana kupingana zinapokutana.

Huruma isiyonyamaza

Mwaka 1970 Annalena Tonelli, mwanasheria kutoka Italia, alifika Wajir. Hakuwa daktari, ila alijishughulisha na wagonjwa wa kifua kikuu, ambao wengi walikuwa wafugaji wa kuhamahama. Tatizo lilikuwa wazi: matibabu yalichukua muda mrefu, na mfugaji hawezi kukaa hospitalini wakati mifugo yake inafuata malisho. Kuanzia mwaka 1976 kulianzishwa mpango wa wagonjwa kujenga vibanda vyao karibu na kituo cha tiba na kumeza dawa mbele ya mhudumu hadi wamalize dozi iliyofupishwa kuwa miezi sita. Hapa huruma ilianza kwa kuelewa maisha ya mgonjwa, si kwa kumlaumu kwa kutoroka.

Mnamo Februari 1984 askari walikusanya wanaume katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na mauaji makubwa yakatokea. Serikali baadaye ilitaja idadi ya watu 57, huku manusura wakishikilia kwamba waliokufa walikuwa wengi mno kuliko hao. Tonelli na wenzake waliokota majeruhi, wakazika maiti na kusaidia habari zifike nje. Mwaka uliofuata ilimbidi aondoke nchini Kenya.

Tukio hili linajibu sehemu ya swali letu. Yapo mafundisho ya shukrani yanayomtaka mnyonge anyamaze: ashukuru yu hai, ashukuru kwa chakula cha msaada, asiulize. Mafundisho hayo ni potofu. Mjane wa Wagalla anaweza kumshukuru Mungu kwa uhai wake, amshukuru jirani aliyemfunga jeraha mwanawe, na wakati huohuo adai kujua mumewe alizikwa wapi. Kumshukuru aliyetenda wema hakumfutii aliyetenda uovu. Kinyume chake, anayekumbuka kwa makini ni nani alimfaa, hukumbuka pia ni nani alimdhuru.

Wajir hiyohiyo ilikumbwa na vita vya koo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake walianzia mahali palipokuwa mikononi mwao, yaani sokoni. Walikubaliana kwamba kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo wake, nao wakasimamia makubaliano hayo. Kutoka hapo walifuatwa wazee, vijana na maafisa wa serikali, hadi ikaundwa kamati ya amani ya wilaya mwaka 1995. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na alifariki Julai 2011 kutokana na majeraha ya ajali ya barabarani. Mchango wake unadhihirisha kwamba huruma haihitaji jukwaa kubwa. Kibaba cha unga kinachouzwa kwa mtu wa ukoo hasimu kinatosha kuwa mwanzo.

Kufanana na kufaana

Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba maneno kufanana na kufaana yanakaribiana kimatamshi, ila maana zake ziko mbali. Wanaofanana wana sura, lugha au imani moja. Wanaofaana wanasaidiana. Tofauti hii ilijidhihirisha kwa uchungu katika barabara za Mandera.

Mnamo Novemba 22, 2014, wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria wasiokuwa Waislamu na kuwaua watu 28. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 wakashambulia Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Katika mashambulizi yote mawili muuaji alitumia kipimo kimoja, nacho ni kufanana.

Kisha, Desemba 21, 2015, basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak. Abiria waliamriwa tena wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Safari hii Waislamu walikataa. Iliripotiwa kwamba baadhi ya wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi mjini Mandera, alipigwa risasi kwa kukataa kuwatenga wenzake, na mnamo Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Mwaka huohuo taifa lilimpa nishani baada ya kifo chake. Kisa hicho ndicho kilichozaa filamu fupi ya Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Haifai kukipamba kisa hiki kupita kiasi. Mwalimu alikufa, na familia yake ikabaki na pengo. Lakini waliookoka walirudi kwa watoto wao kwa sababu watu wasiofanana nao waliamua kuwafaa. Shukrani stahiki kwa tendo kama hilo haiwezi kulipwa kwa aliyelitenda, maana hayupo. Inaweza tu kuhamia kwa wengine.

Shukrani inayohamia

Mfano wa kuhama huko unapatikana Dadaab, katika Kaunti ya Garissa. Kambi zake zilianzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya watu wapatao 90,000, lakini ukame na vita vya mwaka 2011 viliwafanya wakimbizi kupindukia 400,000. Abdullahi Mire alilelewa humo baada ya familia yake kuikimbia Somalia. Alisoma, akahitimu, akapata nafasi ya kuishi Norway, kisha akarudi. Alipoombwa na msichana wa kambini kitabu cha biolojia, alianza kukusanya vitabu, na hadi kufikia mwaka 2023 vitabu 100,000 vilikuwa vimefikishwa kambini. Mwaka huo alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowahudumia wakimbizi.

Tuzo hiyohiyo alipewa Annalena Tonelli mwaka 2003, miezi michache kabla ya kuuawa Borama, mjini alikoendeleza kazi yake. Miaka 20 inawatenga wawili hao. Mmoja alikuwa mgeni aliyewahudumia wenyeji, na mwingine ni mtoto aliyepokewa ugenini akakua na kuwafaa waliobaki.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba shukrani na huruma, katika mazingira ya Kaskazini Mashariki, si maneno ya kufarijiana tu. Ni mazoea ambayo hujengwa kabla ya janga: ngamia hukopeshwa kabla mtoto hajadhoofika, na majirani huuziana sokoni kabla silaha hazijanyamaza. Imebainika pia kwamba kushukuru si kukubali dhuluma, na kwamba fadhila nyingi hulipwa kwa mtu mwingine.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, yapo majukumu mawili yaliyo karibu. La kwanza ni kukusanya simulizi za manusura na wasamaria wa eneo hili wakati wangali hai, kwa kuwa simulizi isiyoandikwa huzikwa na mwenyewe. La pili linahusu wale watakaohitimu ualimu. Shule nyingi za Kaskazini Mashariki zimepungukiwa na walimu tangu mashambulizi hayo, na hofu ya wanaokataa kwenda ina sababu zake. Hata hivyo, Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na vijana kutoka sehemu nyingine za nchi wakarudi kusoma humo. Darasa lao ni jibu kwa waliotaka watu wafanane kwanza ndipo waishi pamoja.